Nashika kese depo, nataka kuwa mhasibu wa ngazi ya ufundi bila kuacha kazi. Nipite wapi?

Bic_ya_Katuba

Jambo wote. Nafanya kazi kwenye depo ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Nashika kese (sanduku la pesa) na kuandika fakitire (ankara), Jumatatu mpaka Jumamosi, na mwisho wa mwezi tunatoka usiku. Diplome yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ni ya ualimu, si ya biashara. Patro (bosi wangu) ana mhasibu wa nje anayekuja siku moja kwa wiki. Akija anachukua makaratasi yaleyale niliyoandika mimi, anayaingiza kwenye kompyuta, na analipwa kunishinda mbali. Sisemi anaiba. Nasema ile kazi naiona kila wiki na nimeanza kuielewa.

Sitafuti digrii ya kuvaa joho. Nataka karatasi ya ngazi ya ufundi, niwe mtu anayeweza kuandika hesabu, kufunga mwezi, kuandaa TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na mishahara bila kusubiri mtu wa nje. Kuacha kazi haiwezekani, nina watoto na kodi ya nyumba. Nimesikia kuna masomo ya jioni, kuna INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi), kuna mitihani ya Waingereza ya kwenye kompyuta, na binamu yangu wa Kitwe ananiita nivuke Zambia. Waliopita njia hizo wanieleze. Nianze na nini?

Ruashi_Moja

Mi nasema kweli, karatasi mingi ni ju ya kuweka ku ukuta. Batu beko na lisansi ya iniversite na beko banauzisha mega ya simu ku barabara. Patro wa huku anataka mutu mwenye anajua Saari, ile programu ya hesabu, na hatamuibia. Jifunze Saari, basi.

Tonton_Balansi

Karibu mdogo wangu. Mimi ni mhasibu mkuu kwenye kampuni moja inayochukua kazi za migodi kwa mkataba, na maombi ya watu kama wewe yanapita mezani kwangu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kabla ya kuuliza shule, jiulize nani ataisoma hiyo karatasi. Patro wa depo kule Kenya (komini yetu, si nchi) ataitazama kwa jicho moja kisha atakuuliza kama unaweza kumfungia mwezi. Mgodi mkubwa utaanza kwa kuhesabu miaka yako ya chuo. Shirika la misaada litataka kujua umewahi kukaa mbele ya wakaguzi. Bosi wa kigeni kule Kolwezi atachangamka akiona jina la chama cha Kiingereza alichokizoea tangu kwao. Karatasi ni ileile, lakini wasomaji hawa wanne kila mmoja anaipa bei yake. Watu wengi hapa mjini wamelipa minervali (ada ya masomo) ya miaka kwa karatasi ambayo msomaji wao hakuihitaji.

Jambo la pili halina mjadala. Nchi yetu iliingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) mwaka 2012, na ule mpango wa zamani wa hesabu wa Kikongo, wa mwaka 1976, ukawekwa kando. Leo tunatumia SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa OHADA, iliyorekebishwa, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018. Mwaka wa hesabu unaanza Januari mosi na kuisha Desemba 31, na taarifa za fedha lazima ziwe tayari ndani ya miezi minne baada ya hapo. Humo hesabu zimegawanywa kwa madaraja: daraja la 1 ni mtaji na mikopo ya muda mrefu, 2 ni mali za kudumu, 3 ni stoki, 4 ni watu wanaotudai na tunaowadai, 5 ni fedha, 6 gharama, 7 mapato, 8 yale yasiyo ya kawaida ya kazi. Anayekuahidi cheti cha uhasibu bila kukupitisha humo kwa kalamu, mpe mkono wa kwaheri.

La tatu, usije ukadanganywa. Ngazi ya ufundi haikupi saini ya kuthibitisha hesabu za kampuni. Hiyo ni ya wahasibu wataalamu walioandikwa ONEC, chama kilichoundwa kwa sheria ya tarehe 12 Februari 2015. Fundi anaandika, anapatanisha, anaandaa. Mtaalamu anathibitisha. Ni kazi mbili, na ya kwanza ndiyo iliyo haba. Wenye lisansi napata wengi. Mtu anayeweza kupatanisha hesabu ya benki ya miezi mitatu bila kulia, huyo namtafuta.

Kwa hiyo Ruashi_Moja ana nusu ya ukweli. Saari ni mashine tu. Asiyejua kwa nini TVA aliyolipa inakaa hesabu namba 445 na TVA aliyotoza inakaa namba 443, Saari itamsaidia kukosea haraka zaidi.

Ruashi_Moja

Tonton umenipiga lakini umenipiga vizuri 😂

MamaKampemba

Niseme kuhusu hiyo ya Waingereza, maana niko ndani yake. Watu wanachanganya vitu viwili.

Kuna AAT, chama cha mafundi wa hesabu cha Uingereza kilichoanza mwaka 1980. Ngazi zake ni 2, 3 na 4. Ni kizuri, ila sehemu kubwa ya masomo imejengwa juu ya kodi na mazingira ya kwao. Kwa mtu wa Lubumbashi mimi sikuona faida.

Halafu kuna ACCA, wakubwa zaidi, tangu 1904. Chini ya ile njia yao ndefu ya wahasibu kamili wana ngazi za msingi, na hizo ndizo nafanya. Inaanza na mitihani miwili, FA1 ya kuandika miamala na MA1 ya taarifa za gharama. Hiyo ni cheti cha kwanza. Inafuata FA2 na MA2, cheti cha kati. Kisha BT, MA na FA, hapo unapata diploma. Pamoja na mitihani kuna moduli ya maadili ya kazi unayoifanya mwenyewe kwenye intaneti. Kuingia mlango wa kwanza hawakudai diplome yoyote. Alama ya kupita ni 50%. Ukitaka baadaye kupanda hadi ACCA yenyewe, ile mitatu ya mwisho huirudii.

Kilichonivuta mimi mama wa watoto ni hiki: mitihani hiyo ni ya kompyuta, saa mbili, na unaifanya siku unayojipangia na kituo, si siku ambayo taifa zima linafanya. Mtoto akiumwa unasogeza. Unafanya mmoja, unapumzika, unakusanya pesa, unafanya mwingine.

Sasa ubaya, na si mdogo. Kwanza ni Kiingereza. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunajua "amortissement" (kushuka kwa thamani ya mali), tukikutana na maneno yao tunasimama kama mtu aliyeshushwa gari mtaa asioujua. Pili ni pesa: unalipa kujiandikisha, unalipa ada ya kila mwaka, unalipa kila mtihani, yote kwa paundi na kwa kadi ya benki. Ukilala mwaka mzima bila kufanya mtihani, ada ya mwaka inakuja palepale. Tatu, hawajui SYSCOHADA ni nini. Hakuna 401 ya wauzaji, hakuna 571 ya kese, kila kampuni inajipangia namba zake. Mimi mchana ofisini niko na madaraja yetu, usiku niko na ya kwao, na kichwa kinabidi kibadilishe gia.

Nisingemshauri Bic aanze huku. Mimi nilianza huku kwa sababu ofisi yetu ripoti zinakwenda Johannesburg.

Bic_ya_Katuba

Asante mama. Kiingereza changu ni cha kuuliza bei Kasumbalesa tu 😅

KasumbalesaSafi

Mimi ni deklara (wakala wa forodha) mpakani. Kuhusu kuvuka Zambia: ndiyo, ZICA, chama chao cha wahasibu, wana ngazi zao, na vyuo vya Kitwe na Ndola vinafundisha watu wazima. Lakini piga hesabu yote. Kuna nauli, pasi ya kusafiria, muhuri mpakani, na foleni ya malori ambayo siku nyingine inakula asubuhi nzima. Mtu wa Jumatatu mpaka Jumamosi ataenda lini? Na ukimaliza, utakuwa umejifunza kodi za Zambia. Kodi zao ni zao.

Binamu yako anasema kweli kwa mtu anayetaka kuhamia kule. Kwa anayebaki Katuba, hapana.

MwanaNguba

Nawasalimu kutoka Bukavu. Huku wenzetu wengine waliangalia upande wa Rwanda, chama chao ICPAR kina mtihani wa mafundi unaoitwa CAT, tena mtu anaufanya kwa vipande. Tanzania, NBAA, bodi yao ya wahasibu, wana mtihani wa mafundi uitwao ATEC, ya kwanza na ya pili, mitihani Mei na Novemba. Kenya wana ATD, diploma ya mafundi ya KASNEB, bodi yao ya mitihani. Nataja kwa sababu watu huona matangazo yao kwenye simu na kufikiri ni ya kila mtu wa Afrika Mashariki. Ni mitihani ya heshima. Lakini sheria za kodi na za kampuni zinazosomwa mle ni za nchi ile, na hesabu zao zinafuata njia za Kiingereza. Anayebaki kazini upande wetu bado ataketi chini ajifunze OHADA.

Nilichotaka hasa kusema ni hiki. Bic, usifikirie depo na migodi peke yake. Mashirika yasiyo ya faida, makanisa, vyama, miradi, yote sasa yana mfumo wao wa OHADA, unaitwa SYCEBNL, umeanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Ni mpya kwa kila mtu. Mwenye lisansi ya mwaka 2010 hakuusoma chuoni, na wewe hujausoma. Mnaanza mstari mmoja. Mimi niliingia mradini kama msaidizi wa lojistiki, nikaanza kubandika risiti na kuzipanga kwa mstari wa bajeti wa mfadhili, leo ninaendesha Tompro, programu ya hesabu za miradi. Sikuulizwa chuo. Niliulizwa kama kila risiti ina tarehe, jina, sababu na saini.

L2_ya_Jioni

Niongezee upande wa chuo kwa sababu hakuna aliyeusema vizuri.

Bic, diplome yako ya ualimu inakutosha kuandikishwa. Usikubali mtu akuambie lazima urudi kufanya Exetat (mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari) ya biashara. Diplome ya Serikali ni diplome ya Serikali. Utakuwa nyuma ya wenzako waliosoma biashara sekondari kwa mwaka wa kwanza tu, hasa kwenye somo la hesabu za jumla, halafu mnalingana.

Pili, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeanza kuhamia LMD (mfumo wa lisansi, masta, dokta). Ule mtindo wa gradua miaka mitatu kisha lisansi miaka miwili unaondoka, sasa lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, 60 kwa mwaka. Kwa mfanyakazi, kitu cha maana ni kwamba kredi ulizozipata unazo. Zamani ukianguka kozi chache ungeweza kurudia mwaka mzima pamoja na zile ulizoshinda.

Tatu, masomo ya jioni. Yapo, ila usiamini tangazo la ukutani. Nenda ISC (chuo cha biashara), nenda ISS (chuo cha takwimu), nenda na vile vya binafsi, uulize sekretariati maswali yanayouma. Zamu ya jioni mwaka huu imefunguliwa kweli? Mitihani inafanyika jioni au asubuhi? (Hapa ndipo wengi wananaswa. Masomo jioni, mtihani saa tatu asubuhi siku ya kazi.) Diploma itaandikwa sawa na ya wa mchana? Chuo kimeidhinishwa na wizara kwa fani hiyo hiyo, au kwa fani nyingine? Kuna chuo kimoja cha binafsi, sitakitaja, kilichukua minervali ya rafiki yangu miaka miwili, na fani yenyewe haikuwa na idhini.

Mimi natoka kazini saa kumi na moja, darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, na SNEL, watu wa umeme, wakiamua, tunasoma kwa taa za simu. Sio rahisi. Lakini darasani nimekaa na wahasibu wanne wa kampuni nne tofauti, na hao wamenifundisha kama mwalimu, au zaidi.

Tonton_Balansi

Swali la mtihani asubuhi ni la dhahabu. Waajiri wengi wataruhusu jioni. Asubuhi ya tarehe 14 hakuna atakayekuruhusu, kesho yake TVA inatakiwa.

DadaKatuba

Mimi nasoma kimya tangu mwanzo. Je, ambaye hakumaliza sekondari? Niliishia mwaka wa tano. Nauza kwenye duka la dada yangu na daftari lote ni mimi.

L2_ya_Jioni

Dada, kwako wewe Exetat ndiyo njia. Kuna watahiniwa wa kujisomea, wanaitwa autodidakte. Huhitaji kurudi kukaa na watoto darasani. Unajiandikisha kupitia Inspeksheni (ofisi ya ukaguzi wa elimu), unapita mtihani wa awali, kisha unafanya mtihani wa Serikali kama wengine. Na kwa kuwa unachagua mwenyewe, chagua Biashara na Usimamizi, siyo nyingine. Diplome hiyo peke yake tayari inahesabiwa na maduka mengi kama ngazi ya msaidizi wa mhasibu. Jihadhari na watu wanaokusanya pesa za "kukupitisha". Nenda Inspeksheni mwenyewe, ulipe kwa risiti.

DadaKatuba

Sikujua kabisa kwamba hilo lipo. Asante mkubwa wangu.

Personeli_Kipushi

Nashughulikia mambo ya wafanyakazi kwenye kampuni moja. Nashangaa INPP imetajwa mara moja tu.

INPP ipo tangu 1964, na kazi yake ni kufundisha watu walio kazini tayari, pamoja na wanaotafuta kazi. Inaishi kwa mchango wa waajiri. Kampuni ya binafsi yenye wafanyakazi wasiozidi 50 inachangia 3% ya mishahara, wakiongezeka kiwango kinashuka. Maana yake, Bic, kama patro wako anatangaza mishahara kama inavyotakiwa, kila mwezi anatoa pesa ya mafunzo yako. Wengi wanaichukulia kama kodi nyingine tu na hawaombi kitu. Muulize kwa adabu: "Patro, tunachangia INPP, naweza kupelekwa kwenye mafunzo ya hesabu au ya kompyuta?" Hatoi pesa mpya, ndiyo uzuri wake.

Usitegemee cheti cha INPP kikubebe mpaka mgodini. Kwa mtu anayetaka kuanza kuandika jurnali (daftari la miamala) na kutumia programu, kinamtoa sifuri. Mafunzo ni mafupi, unamaliza moduli, unachukua nyingine baadaye.

Na kama patro hatangazi mishahara… hilo swali usimuulize mbele ya wateja.

Ruashi_Moja

🤣🤣 ile ya mwisho ni bya kweli

Bic_ya_Katuba

Nimesoma yote mara mbili. Nijaribu kupanga, mnisahihishe.

Mwezi huu naomba patro anipeleke INPP. Wakati huohuo nanunua mpango wa hesabu wa SYSCOHADA (kitabu cha namba zote za hesabu), natafuta ulio kamili. Mwakani mwezi wa masomo najiandikisha jioni, nikishapata majibu ya maswali ya L2. Ya Kiingereza naiweka pembeni mpaka nimepata lugha. Zambia hapana.

Kinachonisumbua ni hiki: mpaka mwakani nitakuwa najua nini ambacho patro atakiona? Sitaki kumwambia "nasoma" mwaka mzima bila kumwonyesha chochote.

Tonton_Balansi

Hilo ndilo swali lililokosekana kwenye uzi huu tangu asubuhi.

Una bahati ambayo wanafunzi wangu wa staji (mazoezi ya kazi) hawana: makaratasi ya kweli yako mkononi mwako kila siku. Mwanafunzi anapewa fakitire za kubuni, wewe unazo zenye mafuta ya vidole. Basi usiku chukua daftari la mistari, ufanye sambamba kile mhasibu wa nje anachofanya. Usiguse vitabu vyake wala usitoe karatasi nje ya depo. Andika namba tu.

Anza na kese, maana unaijua. Kila jioni, ulichohesabu kwa mkono na kilichoandikwa kwenye kitabu viwe sawa, na kama si sawa andika tofauti kwa jina lake, usiifukie. Halafu benki: patro akikubali kukuonyesha karatasi ya hesabu ya benki, patanisha mstari kwa mstari. Halafu wateja wa mkopo, nani anadaiwa, tangu lini. Hii ya tatu patro ataiona haraka kuliko zote. Hakuna mwenye depo asiyependa kujua nani hajamlipa saruji ya mwezi wa tano.

Ukisikia habari ya mfumo mdogo wa hazina, ule wa biashara ndogo, usikimbilie huko. Upo kweli, kwa anayeuza bidhaa chini ya faranga za CFA milioni 60 kwa mwaka, milioni 40 kwa mafundi wa mikono, milioni 30 kwa huduma. Ni daftari la pesa iliyoingia na iliyotoka, basi. Dada wa Katuba huo unamfaa kesho asubuhi. Depo ya vifaa vya ujenzi yenye mhasibu wa nje iko juu ya hapo, nina hakika, na wewe unataka ule wa kawaida.

Nakupa zoezi. Jibu hapahapa mbele ya watu.

Depo imeandikishwa TVA. Imenunua mabati kwa mkopo, fakitire inasema 696.000 FC (faranga za Kongo) pamoja na TVA. Mwezi huohuo imeuza kwa pesa taslimu, 1.160.000 FC pamoja na TVA. TVA ni 16%. Andika ununuzi, andika mauzo, niambie DGI (idara ya kodi) inapata ngapi na lini.

Bic_ya_Katuba

Nimekaa nalo wakati wa chakula cha mchana.

Ununuzi: 696.000 nagawa kwa 1,16 napata 600.000, TVA 96.000. Debiti 601 manunuzi ya bidhaa 600.000. Debiti 445 TVA ya kurudishiwa 96.000. Krediti 401 muuzaji 696.000.

Mauzo: 1.160.000 nagawa kwa 1,16 napata 1.000.000, TVA 160.000. Debiti 571 kese 1.160.000. Krediti 701 mauzo ya bidhaa 1.000.000. Krediti 443 TVA iliyotozwa 160.000.

DGI inapata 160.000 kutoa 96.000, yaani 64.000 FC, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita.

MamaKampemba

Huyu hahitaji kubembelezwa. Mimi namjua mwenye lisansi ambaye angetoa 16% moja kwa moja kwenye 696.000 na kupata 111.360. Kosa hilo linapendwa sana.

Tonton_Balansi

Sawasawa. Sasa nakubana kidogo. Umeniambia 64.000 kwa mdomo, iko wapi kwenye jurnali? Mwisho wa mwezi unafunga zile mbili: debiti 443 kwa 160.000, krediti 445 kwa 96.000, krediti 444 TVA inayodaiwa 64.000. Siku ya kulipa, debiti 444, krediti benki 521. Na mabati yaliyoingia ghalani? Debiti 311, krediti 6031, 600.000. Ukiruka mstari huo stoki yako itakuwa hewa, na faida ya mwezi itakuwa uongo.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja mzima wa depo yenu. Ukimaliza, mwombe yule mhasibu wa nje akuangalizie, kwa heshima, kama mdogo wake. Akikataa njoo hapa.

Ruashi_Moja

Na kama atakataa ju anaogopa kazi yake?

Tonton_Balansi

Ataogopa kidogo. Lakini mhasibu wa nje mwenye wateja kumi anafurahi kupata mtu wa ndani anayempa makaratasi safi. Anamaliza asubuhi badala ya jioni. Nimewahi kuwa huyo wa nje. Aliyekuwa akiniandalia faili vizuri ndiye niliyemwita nilipopata nafasi ya kuajiri.

MwanaNguba

Nyongeza ndogo kwa Bic: masomo ya mtandaoni kutoka Kinshasa yakikuvutia, kumbuka wao wako saa moja nyuma yenu. Darasa la saa kumi na mbili jioni lao ni saa moja usiku Lubumbashi. Kwa mtu anayefunga depo, hiyo saa moja ni neema. Huku Bukavu pia inatusaidia, saa zetu na zenu ni zilezile.

Bic_ya_Katuba

Nimezungumza na patro leo. INPP amesema ataangalia. Daftari la wateja wa mkopo amelitaka Jumatatu mezani kwake, tena amesema nilete na la mwaka jana.

Swali moja la mwisho kwa Tonton. Ule mchango wa INPP wa mwajiri, nauweka na gharama za wafanyakazi, hesabu ya 66, pamoja na CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii)?

Tonton_Balansi

Hapana. Sehemu ya CNSS ya mwajiri, ile 13%, hiyo ndiyo 664, na upande wa pili 431. Ile 5% ya mfanyakazi unamkata kwenye mshahara wake, si gharama nyingine ya kampuni, usiiandike mara mbili. Mchango wa INPP ni tozo ya mafunzo ya kazi, unakwenda 64, kodi na ushuru, kwenye 641. Fungua mpango wako wa hesabu kwenye hesabu ya 64 utafute kifungu cha mafunzo, uandike namba yake yenye tarakimu nne hapa chini ili DadaKatuba naye aione.